Kurudi kwa njia ya manamba: kutoka Korogwe hadi Kasulu

Jumatatu, Korogwe

Wakataji huingia shambani alfajiri, na ilipofika saa mbili kijana niliyekuwa nikimfuata alikuwa ameshasafisha mstari mzima. Anashika jani la mkonge kwa mkono wa kushoto, kisu kinapita chini mara moja, mwiba wa nchani unaruka, jani linakwenda kwenye rundo. Yakitimia majani 30 anafunga tita. Mikono yake ina makovu madogo madogo ya miiba kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nilimuuliza kwao ni wapi.

"Hapahapa Korogwe."

Na babu?

"Babu Mha wa Kasulu. Bibi mzaa mama Mbena. Huyu mwenzangu kwao Wamakonde wa Msumbiji."

Hakuna kati yao aliyewahi kufika huko. Mashamba ya mkonge ya Tanga yamezungukwa na vijiji vya watu wa namna hii: Waha, Warundi, Wabena, Wangoni, Wanyamwezi, Wamakonde, wajukuu na vitukuu vya manamba, yaani watu walioletwa kwa mkataba kukata mkonge, wanaoongea Kiswahili cha Tanga na kuzikana makaburi mamoja. Mimi ni mmoja wao. Babu mzaa baba alitoka Heru, Kasulu, mkoani Kigoma, akaja kwa mkataba, akabaki.

Mkonge wenyewe ulikuja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ilifika mahali pa kuuza nje zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaongoza duniani. Ni zao linalotaka mikono mingi mwaka mzima. Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakuona sababu ya kuyaacha wakamkatie mtu mwingine. Basi mikono ikatafutwa mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, ambacho malori yake yalifika hadi Buha, nchi ya Waha huko Kigoma.

Nafundisha jiografia sekondari. Kila mwaka nikifika mada ya uhamaji naandika ubaoni vinavyomsukuma mtu kuondoka kwao na vinavyomvuta aendako, na wanafunzi wananakili kana kwamba ni habari za mvua, kitu kinachonyesha chenyewe bila mtu kukiamua. Kigoma wanaijua kama mkoa uliochelewa. Mimi siamini kwamba ulichelewa. Naamini ulicheleweshwa, na kwamba ukiifuata njia ya manamba kinyumenyume, kituo kwa kituo, utaona ulivyocheleweshwa na utaona pia nini kinageuka sasa. Likizo ni ndefu ya kutosha. Naondoka kesho.

Jumanne, Segera, Chalinze, Morogoro

Siku ya basi. Hadi mwaka 1963 reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikugusana. Ndipo kipande cha Ruvu hadi Mruazi kilipojengwa kuziunganisha. Kabla ya hapo manamba alishushwa Reli ya Kati na kumalizia safari kwa lori, juu ya njia hii tunayopita. Reli zote mbili zilichorwa kutoka bandarini kwenda ndani, kila moja ikifuata mali yake, na watu wa Korogwe na watu wa Kilosa walikuwa majirani wasio na njia.

Dar es Salaam nimeiacha kushoto kwa makusudi. Inajulikana: watu 128,742 katika sensa ya 1957, 5,383,728 katika sensa ya 2022. Uhamaji wa kwenda Dar umeandikwa sana hadi tunasahau kwamba Watanzania wengi wanaohama wanatoka kijiji kimoja kwenda kingine, wakifuata ardhi, malisho, dhahabu au ndoa.

Jumatano, Morogoro hadi Dodoma

Treni ya umeme ilitoka Morogoro kimya, na kabla sijamaliza kupanga begi tulikuwa Mkata. Huduma hii ilifika Dodoma Julai 2024 na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Baada ya Kilosa inaingia kwenye mahandaki, inatoka, unaona reli ya zamani chini bondeni ikiwa imeshikamana na mto Mkondoa. Ile ya zamani Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Walifuata bonde kwa sababu bonde ni rahisi, na kwa miaka yote hiyo Mkondoa ukijaa umekuwa ukiizoa. Kila ilipozolewa, mtu wa Kigoma ndiye aliyekosa sukari, kwa kuwa yuko mwisho. Mtu wa Dar hakujua hata kama reli imekatika.

Kidete, Gulwe, Igandu. Vituo vikubwa, vya vioo, na nyumba chache za tope kwa mbali. Waliokaa karibu nami wote walikuwa wakienda kazini au kwenye kikao. Treni niliyopanda ilikuwa ya mtu na begi lake. Gunia la mkulima lilikuwa bado linasafiri kwa lori. Ingekuwa mimi ndiye napanga, vituo vile vidogo ndivyo ningevitazama kwanza, maana hapo ndipo itakapojulikana kama reli imejengewa miji miwili iliyo nchani au imejengewa pia watu wa katikati.

Dodoma niliikuta ina vumbi la ujenzi kila upande. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitolewa mwaka 1973, na mamlaka ya kuustawisha mji ikaundwa mwaka huohuo. Kisha ikapita miaka zaidi ya 40 ya wizara kubaki Dar. Julai 2016 ikatangazwa kwamba sasa serikali inahama kweli, na ikahama. Mkoa uliokuwa na watu milioni 2.08 mwaka 2012 ulihesabiwa watu milioni 3.09 mwaka 2022. Mtumba, palipojengwa Mji wa Serikali, palikuwa mashamba ya mtama na uwele.

Nimelala kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, Mgogo wa hapa. Baba yake ni mtu mzima sana, tulimsalimia akiwa kwenye kigoda chake uani. Alianza kuhesabu bila kuulizwa: kwa wazazi wake palikuwa na Mtunya, ile njaa kuu ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi yalipochukua ng'ombe na nafaka kisha mvua ikakosekana, watu wakatawanyika kwenda Kilosa na kwingineko kutafuta chakula. Wakati wake yeye wakahamishiwa kijiji cha ujamaa. Wakati wa wanawe, pakapimwa viwanja.

"Sasa wanakuja wao," alisema. "Mwanzo tulikuwa tunakwenda sisi."

Nilimuuliza kama ni vizuri. Akasema kisima kipo, hospitali ipo, na mjukuu wake ana kazi ya kuendesha gari. Lakini shamba alilolipwa fidia sasa ni kiwanja ambacho bei yake hawezi kuikaribia yeye wala mwanawe. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaka jambo liandikwe lilivyo, nami nimeliandika. Pamoja na hayo, Dodoma imenipa hoja niliyokuwa naihitaji. Hapa hapakugunduliwa dhahabu wala mafuta. Watu walikaa mezani wakaamua, na watu laki kadhaa wakabadili mwelekeo. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kufanywa kuinua mahali, na ulishawahi kufanywa kupafunga mahali.

Alhamisi usiku, behewa la daraja la tatu

Kuanzia Dodoma nimepanda reli ya zamani, ile nyembamba. Hapa magunia yanaruhusiwa, na kuku, na magodoro yaliyokunjwa. Saranda vijana wamegombania madirisha na sahani za kuku wa kukaanga. Manyoni. Itigi, na kile kichaka chake kizito kisicho na mwisho.

Mbele yangu amekaa dada anayerudi Uvinza baada ya kufanya kazi za ndani Dar kwa miaka kadhaa. Ameshikilia begi moja na televisheni iliyofungwa kwa blanketi. Mshahara wake ulikuwa unatumwa kwa simu moja kwa moja kwa mama yake, kwa makubaliano ambayo yeye hakuulizwa. Bosi alikuwa anazungumza na mama. Amejifunza kushona kwa siri, kwa jirani, mchana. Televisheni si ya kuangalia. Anaiuza anunue cherehani.

Ijumaa, Tabora

Miembe. Imepangwa kandokando ya njia za zamani kwa namna ambayo hata mgeni anatambua kuwa ilipandwa na watu waliokuwa wakipita. Tabora, au Unyanyembe kama ilivyoitwa, ilikuwa njia panda: misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika, mingine kwenda Ujiji, mingine kaskazini Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka, vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilipanda. Watumwa nao walishuka, na hilo halipaswi kufichwa nyuma ya miembe.

Ninachotaka kukikazia ni wapagazi. Mnyamwezi wa karne ya 19 alikwenda pwani kwa hesabu zake. Alibeba kilo 30 hivi begani kwa miezi, akarudi na vitambaa, majembe, ng'ombe, na jina. Kijana ambaye hakuwahi kuiona pwani hakuhesabiwa mtu mzima kamili. Wapagazi walijadiliana kuhusu ujira na posho kabla ya safari, na posho ikipunguzwa njiani walitua mizigo wakakaa chini, na mwenye msafara, awe Mwarabu au Mzungu, akalazimika kukaa nao. Waliondoka baada ya mavuno na walijua watarudi lini.

Basi uhamaji haukuanza na ukoloni. Watu wa nchi hii walikuwa wanasafiri mbali na wengi wao wakinufaika. Kilichobadilika ni nani anaamua. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi iliisha, kodi ilikuwa inadaiwa kwa fedha taslimu, na yule aliyekuwa akipanga bei ya bega lake akaanza kupangiwa. Kila mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka pale tu siku zote 30 zilipokamilika. Ukiugua siku ya 29, unasubiri.

Jioni nilizungumza na wafugaji wawili wa Kisukuma kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni. Wanatoka Igunga, mifugo yao iko Katavi. Wamesukumwa na wingi wa watu na mashamba yaliyochoka, na kule wanakokwenda wanakutana na hifadhi, misitu na wakulima waliotangulia. Mmoja ameshahama mara nyingi kiasi kwamba watoto wake kila mmoja ana wilaya yake ya kuzaliwa. Nimemuuliza anataka nini. "Hati," alisema. Kipande cha ardhi chenye maandishi, hata kama ni kidogo kuliko anachokitumia sasa.

Jumamosi, Ulyankulu

Nimekwenda na kurudi kwa gari la abiria, barabara ya vumbi jekundu na mashamba ya tumbaku. Mabani ya kukaushia yanafuka moshi, na unaona jinsi miombo inavyorudi nyuma mwaka hadi mwaka kuyalisha.

Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka huo. Mengine ya aina hiyo ni Katumba na Mishamo, yote mkoani Tabora na katika eneo ambalo sasa ni Katavi. Hawakuwekwa kambini kula mgawo. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, na baada ya miaka michache wakawa wanajilisha na kuuza ziada. Soko la leo lina maharage, mihogo, mahindi na baiskeli nyingi. Kwa macho yangu ni mji mdogo wa Tanzania kama mwingine, wenye makanisa mengi zaidi.

Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa makazi yale matatu walipata uraia, moja ya hatua kubwa za aina hiyo zilizowahi kuchukuliwa na nchi yoyote kwa wakimbizi. Najivunia hilo, na nilimwambia hivyo mwenyeji wangu, fundi seremala wa umri wangu. Akanionyesha cheti chake, kimewekewa plastiki ngumu. Kisha akanieleza sehemu ambayo huwa haisimuliwi: mwanzoni walitakiwa wahame. Makazi yafungwe, wao wagawanywe katika mikoa mingine, ili wachanganyike na Watanzania. Kwa miaka kadhaa waliishi bila kujua kama wajenge au wasijenge. Aliacha kufyatua matofali. Hakupanda miembe. Baadaye sharti lile likaachwa, wakaruhusiwa kubaki.

"Siku tuliyoambiwa tunabaki, nilianza msingi," alisema, akanipeleka kuuona. Nyumba ya vyumba vinne, dari bado.

Kwa maoni yangu sharti lile lilikuwa kosa la kijiografia. Mtu hachanganyiki na nchi kwa kung'olewa tena mahali alipopafanya pazae. Ulyankulu ilikuwa imeshachanganyika: wanauza mahindi Tabora, wanasoma Urambo, wanaoa na kuolewa na Wanyamwezi. Mchanganyiko ule ulitengenezwa na soko na barabara, mbovu kama ilivyo.

Jumapili, Tabora kuelekea magharibi

Urambo tulipita mchana. Ilikuwa makao ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, kisha mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga uliopangwa ofisini London kwa ajili ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakafyeka, udongo na mvua vikakataa, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Fedha zile zingetosha barabara ngapi za Buha sijui nimehesabu mara ngapi kichwani.

Kaliua, njia inagawanyika kwenda Mpanda. Usinge. Nguruka. Hapo behewa linajaa harufu ya samaki wa Malagarasi na akina mama wanaopanda kwa vituo viwili tu. Mto wenyewe unatanuka na kuwa mabwawa yasiyo na kingo. Zamani ilikuwa reli au usubiri kiangazi. Sasa daraja na lami vimefika na mabasi yamechukua abiria wengi.

Uvinza tulifika usiku. Chemchemi za chumvi za hapa zimechemshwa na watu tangu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na watu wa pande zote za ziwa walikuja kuinunua. Yule dada wa cherehani, niliyemkuta tena kwenye behewa hili, alishuka hapa, televisheni kichwani kwa mdogo wake. Aliniambia kwaheri mwalimu kwa Kiha, na nilijibu vibaya.

Jumatatu, Kigoma na Ujiji

Mwisho wa reli. Jengo la stesheni la Wajerumani bado linatazama ziwa. Kilomita 1,250 hivi kutoka Dar, na kwa ramani ya kitabu cha darasani hapa ndipo nchi inapoisha.

Simameni Kibirizi asubuhi mbishane na ramani hiyo. Maboti ya mbao yanapakia kwenda Kongo na Burundi: saruji, unga, magodoro, sabuni, plastiki. Yaliyokuja yameleta mawese, mbao, vitenge. Dagaa na migebuka vinagombaniwa. Kiswahili ninachokisikia kina sauti ya Kalemie na Uvira. Ujiji, mtaa kwa mtaa, kuna familia za Wamanyema waliotoka ng'ambo vizazi vingi nyuma, na Waislamu wa Ujiji wana ndugu wengi Kongo kuliko walionao Morogoro. Watu wa kona hii wapo katikati ya eneo lenye mamilioni ya watu kuzunguka ziwa. Wanaonekana wako pembezoni pale tu unapopima kutoka Bahari ya Hindi.

Na serikali ya kikoloni ilipima kutoka bahari. Wakahesabu kwamba kusafirisha pamba au kahawa ya Buha hadi bandarini hakulipi. Kusafirisha watu kulilipa. Kodi ya kichwa ikadaiwa, zao la kuuza ili kuilipa halikuletwa kwa miaka mingi, barabara hazikukatwa, na mwanamume wa Kiha akabakiwa na kitu kimoja cha kuuza. Miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, watu wakakusanywa kutoka mabondeni na kuwekwa kwenye makazi ya pamoja, na maeneo mazima yakabaki mapori. Ukiunganisha hayo yote hupati mkoa uliosahaulika. Unapata mkoa uliotunzwa kama ghala la nguvu kazi.

Uhuru haukulifungua ghala hilo kwa siku moja. Hadi juzijuzi Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ilikuwa ikiwaka kwa majenereta ya dizeli. Mwenye mashine ya kukoboa pale Mwanga, hapahapa mjini, aliniambia kwamba tangu gridi ifike amenunua mashine ya pili na ameacha kununua mafuta kwa madumu. Aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya vumbi la pumba, akicheka.

Ziwa, hata hivyo, limepanda. Miaka ya karibuni maji yamekula fukwe na nyumba za wavuvi, na ng'ambo ya Burundi, Gatumba, yamewaondoa maelfu. Wanaohama kwa sababu ya maji wanahamia mita mia chache juu, kwa shemeji.

Jumanne, barabara ya Kasulu

Lami mpya, milima, migomba. Kasulu barabara hii inakutana na ile ya mradi wa kilomita 260 wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, unaoiunganisha Kigoma na Burundi upande mmoja na Kahama na Mwanza upande wa pili.

Njiani gari lilisimamishwa kwa ukaguzi. Mwenye sare akapita kiti kwa kiti akiuliza vitambulisho vya taifa. Mimi, kwa Kiswahili changu cha Tanga, hakunigusa. Kijana aliyekaa nyuma yangu alikuwa na namba tu kwenye karatasi, kadi yake haijatoka. Akaulizwa jina la bibi yake, la kijiji, la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Akajibu yote, kwa lafudhi ya Kiha ambayo ndiyo iliyomponza. Akashushwa. Tulishuka abiria kadhaa kumtetea, na mama mmoja akasema anamjua tangu anabebwa, ndipo akaachiwa.

Nimekasirika hadi sasa ninavyoandika. Mpaka ule ulichorwa katikati ya watu wenye lugha moja, salamu moja, majina mamoja. Yaliyompa babu yangu kazi Korogwe bila swali lolote, kwamba ni Mha mwenye nguvu, ndiyo yanayomfanya kijana huyu athibitishe kila safari kwamba ana nchi. Ulinzi wa mpaka ni kazi halali. Kumhoji raia kwa lafudhi yake si ulinzi.

Jumatano, Heru

"Mwakeye," shangazi alinisalimu, kisha akanishika uso kwa mikono miwili akitafuta sura ya kaka yake mkubwa wa ukoo. Ni binti wa mdogo wake babu. Nilipiga magoti nikasema shikamoo kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo heshima ninayoijua.

Heru ndiko aliposimama Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyewaongoza Waha wa hapa kuanzia mwaka 1946, na shangazi anamkumbuka akipita. Anakumbuka pia malori. Wanaume waliandikishwa, wakapimwa na daktari, wakapewa blanketi. "Waliobaki tulikuwa sisi na wazee. Sisi tukalima, tukazika, tukalipa kodi." Wengine walirudi na baiskeli au bati. Wengine walirudi na kifua cha kukohoa. Sehemu ya mshahara, anasema, ilizuiwa hadi mwisho wa mkataba ili mtu asitoroke, na kuna waliopewa pungufu wakiwa tayari wamepanda lori la kurudi, hawana pa kulalamikia. Alilisema hilo mara mbili.

Alipotaja shamba la babu, baba mdogo alinipeleka. Lipo. Linalimwa maharage.

Alhamisi, Manyovu

Mpakani. Malori ya saruji yanapanda Mugina, upande wa Burundi. Parachichi, ndizi na wanawake wenye vikapu wanashuka. Reli mpya ya kutoka Uvinza kwenda Burundi kupitia Musongati ni mradi wa nchi hizi mbili, na hapa kila mwenye duka anaizungumzia kama jirani anayehamia. Baada ya miaka mia moja ya reli kuwabeba wakiondoka, sasa inaelekezwa kupita kwao.

Wanaovuka kwa wingi zaidi asubuhi hawana mizigo. Wana majembe. Ni vijana wa Kirundi wanaokwenda kulima mashamba ya Waha kwa vibarua, Kasulu, Buhigwe, Kibondo. Kule kwao ardhi imekatwa vipande hadi haigawanyiki tena. Nilitembea nao kilomita mbili. Wengi wana chini ya miaka 20.

Ijumaa, Heru tena

Kwenye maharage ya baba mdogo kuna mmoja wao. Nimemkuta leo asubuhi, ana wiki tatu hapa, analala kwenye jiko la nje. Makubaliano yao ni kwamba atalipwa zote akimaliza palizi ya pili. Nilimuuliza baba mdogo, kwa heshima zote, kwa nini asimlipe kila wiki.

"Akilipwa ataondoka."

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni anapembua mchele. Hakuinua kichwa. Mimi nilisema lililokuwa rohoni: kwamba hivyo ndivyo walivyofanyiwa waliopanda malori, kwamba kijana huyu hana karatasi na hivyo hana pa kumshtaki, na kwamba familia yetu ndiyo ya mwisho inayopaswa kumfanyia mtu jambo hilo. Baba mdogo aliudhika. Alisema mimi nimekulia mjini, sijui palizi ikikosewa mtu anakula nini. Alisema bei ya maharage sokoni haipangi yeye. Hayo mawili ni kweli.

Saa kumi amemlipa wiki zote tatu, noti juu ya noti, mbele ya shangazi, na kuanzia sasa ni kila Jumamosi. Kiwango cha siku hakukipandisha. Kwangu ni kidogo mno na nimemwambia. Yeye anasema majirani wote wanalipa hicho, akipandisha peke yake watamgombeza. Jumapili wenye mashamba wa upande huu wanakutana baada ya ibada, na amekubali nije niliseme mwenyewe.